WILT CHAMBERLAIN: JITU LILILOPENDWA UGENINI

Wahenga walisema kuwa nabii hakubaliki kwao. Anayetaka kuujua ukweli wa maneno hayo na ayaangalie maisha ya marehemu Wilton Norman Chamberlain, Mmarekani mweusi aliyekuwa na urefu wa futi saba na inchi moja, yaani mita 2.16, ambaye hadi leo anahesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa mpira wa vikapu waliopata kuishi chini ya jua.

Wengi wetu tunamjua kwa jambo moja tu, kwamba alifunga pointi 100 katika mechi moja. Kila anayeushika mpira pale uwanjani petu penye vumbi hulitaja jina lake, hasa akishafunga vikapu viwili vitatu! Lakini ni wachache wanaojua kwamba mtu huyu alianza kazi yake ya kulipwa kwa kuzunguka na timu ya burudani, huku akivuka bahari, na kwamba kipindi hicho alikikumbuka kwa furaha maisha yake yote. Kwa nini mtu aliyevunja kila rekodi akumbuke kwa hamu wakati ambao hakushinda kombe lolote la maana? Hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji mpenzi.

Wilt alizaliwa tarehe 21 Agosti 1936 katika jiji la Philadelphia, jimbo la Pennsylvania, mashariki mwa Marekani. Alikuwa mmoja wa watoto tisa waliokua katika nyumba hiyo. Baba yake, Bwana William, alifanya kazi za mikono, na mama yake, Bibi Olivia, alikuwa mtumishi katika nyumba za watu. Utotoni aliugua homa ya mapafu vibaya sana, akakaribia kufa, na akakosa shule mwaka mzima. Nani angedhani kwamba mtoto yule dhaifu ndiye angekuja kuwa mmojawapo wa wanaspoti wenye nguvu kuliko wote duniani? Ama kweli, kabla hujafa hujaumbika.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mwanzoni Wilt hakuupenda mpira wa vikapu hata kidogo. Yeye alikuwa mtu wa riadha. Alipenda kukimbia, kuruka juu na kurusha tufe. Lakini mtu mrefu hana siri. Watu wa mtaa wake walikuwa wazimu wa vikapu na kila aliyemwona alimuuliza mbona hachezi. Mwishowe akakubali. Alipoingia shule ya upili ya Overbrook alikuwa na karibu futi saba, na katika miaka mitatu timu yake ilishinda mechi 56 na kushindwa 3 pekee. Mwaka 1955 alifunga pointi 90 katika mechi moja ya shule. Wakati wa likizo alifanya kazi ya kubeba mizigo ya wageni katika hoteli moja ya mapumziko, maana pesa za nyumbani hazikutosha kuchezewa.

Hapo ndipo alipoanza kupewa majina. Magazeti yalimbandika jina la Wilt the Stilt, yaani walimfananisha na yale magongo marefu ambayo watu huyapanda ili wawe warefu. Jina hilo alilichukia mno. Wale wenzetu warefu ambao wamekwishaitwa twiga, mlingoti wa bendera au nguzo ya stima wanaelewa nasema nini. Marafiki zake wao walimwita Dipper, kwa sababu kila alipopita mlangoni ilimbidi ainamishe kichwa kama mtu anayechovya kitu majini. Jina hili alilipenda, kwani linafanana na la kundi la nyota angani, na lilitolewa na watu waliomtakia mema. Jina moja lilimcheka na jingine lilimkumbatia, ilhali yote mawili yalihusu urefu ule ule.

Baada ya shule ya upili vyuo zaidi ya 200 vilimtaka. Alikichagua Chuo Kikuu cha Kansas, ambacho kocha wake alikuwa mzee Phog Allen, mwanafunzi wa James Naismith, yule aliyeubuni mchezo huu mwaka 1891. Sheria ya siku hizo haikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuichezea timu kuu. Kwa hiyo kukawa na mechi baina ya wanafunzi wapya na timu kuu. Wapya wakashinda 81 kwa 71, na Wilt peke yake akafunga 42. Mwaka uliofuata, katika mechi yake ya kwanza ya haki, alifunga 52 na kudaka mipira 31 iliyorudi kutoka kwenye ubao.

Lakini maisha nje ya uwanja yalikuwa machungu. Hii ilikuwa Marekani ya miaka ya hamsini, na mtu mweusi hakuhudumiwa katika mikahawa mingi ya mji wa Lawrence ulipo chuo hicho. Wilt hakuandamana wala hakuhutubia. Aliingia tu, akaketi, akangoja aletewe chakula kama mteja mwingine yeyote. Ni nani angelitoa jitu la futi saba mlangoni? Polepole milango ikafunguka, na weusi wengine wakaingia nyuma yake. Hata hivyo, kuna mahali ambapo urefu haukumsaidia. Mwaka 1957 timu ilipokwenda kucheza mashindano mjini Dallas, watazamaji walimtukana, wakawatemea mate na kuwarushia vitu, hata ikabidi polisi wawasindikize hadi uwanja wa ndege.

Walishinda huko Dallas, wakaingia fainali ya vyuo vyote vya Marekani dhidi ya North Carolina, tarehe 23 Machi 1957. Kocha wa North Carolina, Frank McGuire, alikuwa mjanja kama sungura. Wakati wa kurushiwa mpira wa kuanzia alimtuma mchezaji wake mfupi kuliko wote, Tommy Kearns, asimame mbele ya Wilt. Ukumbi mzima ukaangua kicheko! Kisha wakamzunguka Wilt watu watatu watatu. Mechi ikaenda muda wa ziada mara moja, mara mbili, mara tatu. Hatimaye North Carolina wakashinda 54 kwa 53, yaani kwa pointi moja tu. Wilt alifunga 23 na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano, lakini hiyo haikumpoza. Kutoka siku hiyo watu walianza kusema kwamba huyu ni mrefu wa bure, asiyeweza kushinda mechi kubwa. Neno hilo lilimfuata kama kivuli.

Angalieni dhuluma yake, wanachama wenzangu. Mtu mrefu akishinda watu husema si ajabu, kwani ana urefu. Akishindwa husema ni aibu, na urefu wote ule! Watu wanapoisikiliza hadithi ya Daudi na Goliathi, hakuna hata mmoja anayemshangilia Goliathi. Wilt alizaliwa Goliathi bila kuomba.

Mwaka uliofuata hali ilikuwa mbaya zaidi. Siku hizo mchezo wa vyuo haukuwa na saa ya kuwalazimisha wachezaji kutupa mpira kikapuni, basi timu pinzani zilikaa na mpira dakika nzima nzima ili tu asiuguse. Wilt akachoka. Mwaka 1958 aliamua kuacha chuo. Ila kulikuwa na kikwazo kimoja: ligi ya NBA haikumruhusu mchezaji kuingia mpaka wenzake aliojiunga nao chuoni wamalize masomo. Ilimbidi angoje mwaka mmoja. Afanye nini basi? Hapo ndipo Harlem Globetrotters walipomjia na mkataba wa takriban dola 50,000, pesa ambazo mchezaji wa NBA hakuziota siku hizo.

Kabla ya kuendelea ni vyema tuijue timu hii. Licha ya jina lake, Globetrotters haikutoka Harlem. Iliundwa Chicago katika miaka ya ishirini na kuongozwa na Abe Saperstein, Myahudi mfupi wa kimo aliyezaliwa London. Wachezaji wake wote walikuwa weusi, kwa sababu ligi kubwa za wazungu ziliwafungia milango. Wengi hudhani walikuwa wachekeshaji tu. La hasha! Mwaka 1948 waliwashinda Minneapolis Lakers, waliokuwa na jitu la kizungu George Mikan, 61 kwa 59. Mwaka 1950 NBA ilipoanza kuwachukua weusi, mmoja wa wa kwanza, Nathaniel Clifton, alitoka kwao. Mwaka 1951 walicheza katika uwanja wa Olimpiki wa Berlin mbele ya watu wapatao 75,000. Jina lao maana yake ni watembezi wa dunia, na kweli waliitembea.

Basi Wilt akavaa kaptura za milia na jezi nambari 13, akaanza safari. Kutembea kwingi ni kuona mengi. Katika timu hii hakuwekwa chini ya kikapu kama mnara. Aliachwa acheze nyuma, adunde mpira, apige pasi na kurusha kutoka mbali, kama wafanyavyo wachezaji wafupi. Kwa mara ya kwanza maishani aliambiwa acheze kama mtu na si kama ngazi.

Mchekeshaji mkuu wa timu alikuwa Meadowlark Lemon. Walikuwa na mchezo mmoja wa kuvunja mbavu: Lemon alijiangusha chini kama aliyeumia, na Wilt, badala ya kumwinua taratibu, alimtupa hewani futi kadhaa kisha akamdaka kama mtoto anavyodaka mwanasesere wake. Kumbukeni kwamba Lemon alikuwa mtu mzima wa karibu kilo 95! Baadaye Lemon alisimulia kwamba hakupata kuona mwanaspoti mwenye nguvu kama Wilt. Nguvu zile zile zilizowatisha watu wa Dallas sasa ziliwafanya watoto wacheke mpaka machozi yawatoke.

Kilele cha safari hizo kilikuwa Urusi mwaka 1959. Wakati huo Marekani na Muungano wa Kisovieti walikuwa katika Vita Baridi, kila mmoja akimwonyesha mwenziwe makombora. Katikati ya uhasama huo Globetrotters walialikwa Moscow, wakacheza mechi tisa katika viwanja vya michezo vilivyopewa jina la Lenin, na tiketi zote zikaisha. Nikita Khrushchev mwenyewe, kiongozi wa Wasovieti, aliwasalimia. Hebu wazia, msomaji. Kijana wa miaka 22 kutoka mtaa wa weusi Philadelphia, ambaye kule Kansas alinyimwa sahani ya chakula, sasa anasalimiwa na mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote duniani, na umati wa watu wasiojua lugha yake unampigia makofi. Wanasiasa hawakuwa wamepatana, lakini mpira uliwapatanisha watu kwa saa mbili tatu.

Sasa turudi kwa lile swali letu. Kwa nini aliupenda mwaka ule? Kwanza, hakuna aliyemzomea. Katika Globetrotters hakuwa jitu lililotakiwa kushinda, bali alikuwa msanii mmoja kati ya wasanii wengi. Mzigo wa ushindi haukuwa mabegani mwake, kwani kila mtu alijua watashinda, na aliyekuja alikuja kufurahi. Pili, alikuwa pamoja na weusi wenzake waliojua kusafiri, waliojua vichekesho na waliojua machungu aliyoyapitia. Tatu, ugenini hakuna aliyemjua kama kijana aliyeshindwa na North Carolina. Walimwona kwa mara ya kwanza, wakampenda. Ndiyo maana hata baada ya kuingia NBA aliendelea kuungana nao katika ziara za kiangazi huko Ulaya, wakati ambapo wenzake walikuwa wakipumzika majumbani mwao. Mtu harudi mara kwa mara mahali pasipompa raha.

Naam, NBA nayo ilikuwa inamngoja. Aliingia timu ya nyumbani kwao, Philadelphia Warriors, mwaka 1959, kwa mshahara wa dola 30,000. Huo ulikuwa mkubwa kuliko wa mchezaji mwingine yeyote wa ligi, na bado ulikuwa chini ya aliolipwa na Globetrotters. Katika msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 37.6 na kudaka mipira 27 kwa kila mechi, akawa mchezaji mpya bora na mchezaji bora wa ligi kwa wakati mmoja. Wapinzani, walipoona hawamwezi kwa ufundi, walimwendea kwa viwiko. Siku moja alipigwa mdomoni hata meno yakazama kwenye ufizi. Yeye hakupigana. Inasemekana aliogopa kwamba akirusha ngumi ataua mtu. Mwisho wa msimu huo alitangaza kwamba anaacha ligi, akaenda zake kuzunguka na Globetrotters. Ilibidi mwenye timu, Eddie Gottlieb, ambembeleze na kumwongezea pesa ndipo akarudi.

Aliporudi alikuja na moto. Tarehe 24 Novemba 1960 alidaka mipira 55 katika mechi moja, tena dhidi ya Boston ya Bill Russell. Msimu wa 1961-62 alifunga wastani wa pointi 50.4 kila mechi na kucheza wastani wa dakika 48.5. Mtauliza, inawezekanaje, na mechi yenyewe ni dakika 48? Ni kwa sababu ya muda wa ziada. Karibu hakutoka uwanjani msimu mzima! Kocha wake mwaka huo, msishangae, alikuwa yule yule Frank McGuire aliyemshinda mwaka 1957.

Usiku wa tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey unaosifika kwa viwanda vya chokoleti, Warriors walicheza na New York Knicks. Watazamaji walikuwa 4,124 tu na hakukuwa na televisheni. Wilt alifunga vikapu 36 vya kawaida na mipira ya adhabu 28, jumla pointi 100. Warriors walishinda 169 kwa 147. Mtu mmoja akaandika 100 kwenye karatasi, Wilt akaishika, akapigwa picha, na picha hiyo ndiyo sisi sote tunayoijua. Zaidi ya miaka 60 imepita na hakuna aliyefikia rekodi hiyo. Usiku huo huo mwenzake, Al Attles, alirusha mara nane na kufunga mara zote nane. Nani anamkumbuka Attles, jamani?

Katika mechi hiyo kuna somo lililojificha. Wilt alikuwa mbovu sana wa mipira ya adhabu, yaani ile ambayo mtu hurusha peke yake bila kuzuiwa. Maishani mwake alifunga karibu nusu tu ya mipira hiyo. Lakini msimu ule alikuwa akiirusha kwa mikono miwili kutoka chini, kati ya magoti, kama mtu anayemwaga maji ya ndoo. Mtindo huo ulimfaa. Hata usiku ule wa Hershey alipata 28 kati ya 32. Mbona basi akauacha? Aliuacha kwa sababu aliona haya. Alihisi kwamba watu wanamcheka, na baadaye alikiri mwenyewe kitabuni kwamba alikosea. Tazama basi! Mtu asiyeogopa kiwiko cha mtu yeyote aliogopa kicheko. Moscow watu walicheka pamoja naye naye akafurahi, ila kwao kicheko kilikuwa mwiba. Na sisi je, ni wangapi darasani tunajua jibu ila hatuinui mkono kwa kuogopa kuchekwa?

Hata hivyo, kidole kimoja hakivunji chawa. Pointi zote hizo hazikumletea kombe. Mbele yake alisimama Bill Russell wa Boston Celtics, aliyekuwa mfupi kwake kwa inchi kadhaa lakini aliyezungukwa na timu iliyoshikamana kama siafu. Katika mechi za mtoano timu zao zilikutana mara 8, na Russell akashinda mara 7. Watu wakarudia wimbo ule ule, kwamba Wilt ni mtu wa kushindwa. Na bado, nje ya uwanja wawili hao walikuwa marafiki wa kula sahani moja. Celtics walipokuja kucheza Philadelphia wakati wa sikukuu ya shukrani, Russell alikaribishwa kwa akina Chamberlain, akala chakula cha Bibi Olivia, kisha wakaenda kusukumana uwanjani.

Ligi nayo haikukaa kimya. Mwaka 1964 ililipanua lile eneo lililo chini ya kikapu kutoka futi 12 hadi futi 16, ili majitu kama yeye yasisimame karibu. Ni wachezaji wangapi ambao uwanja wenyewe umelazimika kubadilishwa kwa sababu yao?

Mwaka 1967, akiwa na Philadelphia 76ers, Wilt alibadilika. Kocha Alex Hannum alimwomba apunguze kufunga na azidishe kuwapa wenzake pasi. Akakubali. Timu ikashinda mechi 68 na kushindwa 13, ikaifunga Boston mechi 4 kwa 1, na hatimaye ikatwaa ubingwa. Msimu uliofuata aliongoza ligi nzima kwa jumla ya pasi za kufungisha, jambo la ajabu kwa mchezaji wa chini ya kikapu. Labda kule kudunda na kupiga pasi alikojifunza katika Globetrotters hakukupotea bure.

Mwaka 1968 alihamia Los Angeles Lakers. Mwaka 1969 alifika fainali na Boston tena. Katika mechi ya saba, ya mwisho, aliumia goti akatoka nje. Maumivu yalipopungua aliomba kurudi, lakini kocha akamwacha kwenye benchi. Lakers wakashindwa 108 kwa 106. Baada ya hapo Russell alisema hadharani kwamba Wilt hakupaswa kutoka. Maneno hayo yalimchoma, na urafiki wa miaka kumi ukavunjika. Hawakusemezana kwa zaidi ya miaka ishirini. Ulimi hauna mfupa, wenzangu! Walipatana uzeeni, na Wilt alipokufa Russell alikuwa miongoni mwa waliozungumza katika ibada ya kumwaga.

Msimu wa 1971-72 ulikuwa wa kufuta machozi. Lakers walishinda mechi 33 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa, na wakamaliza na ushindi 69. Katika fainali dhidi ya Knicks Wilt aliumia mkono, lakini mechi ya tano aliingia hivyo hivyo, akafunga 24 na kudaka 29. Lakers wakawa mabingwa naye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Aliacha kucheza mwaka 1973 akiwa na pointi 31,419. Katika mechi 1,045 za ligi hakuwahi hata mara moja kutolewa uwanjani kwa kuzidisha makosa. Huyo ndiye mtu waliyemwita jitu la kutisha!

Baadaye alicheza voliboli, akaigiza katika filamu mwaka 1984, na kusaidia klabu ya riadha, ule mchezo aliouanza kuupenda. Hakuoa. Wala sitasema kwamba alikuwa malaika. Mwaka 1991 aliandika kitabu ambamo alijisifu kuhusu idadi ya wanawake aliokuwa nao, wakati ambapo ukimwi ulikuwa ukimaliza watu. Wengi, wakiwemo weusi wenzake, walimlaumu, na nadhani walikuwa na haki. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na akijisifu mwenyewe basi ndiyo balaa.

Lakini kuna jambo moja lililobaki. Kwa miaka mingi Wilt alikaa mbali na Kansas. Kidonda cha 1957 hakikuwa kimepona, naye alidhani watu wa huko bado wanamlaumu kwa ile pointi moja. Hatimaye, Januari 1998, alikubali kwenda ili jezi yake nambari 13 ipachikwe ukumbini kwa heshima. Alivaa koti lake la zamani la chuo. Alitarajia kuzomewa, kumbe umati mzima ulisimama na kumshangilia kwa muda mrefu, wazee kwa vijana. Jitu lile likaguswa moyoni, likasema nao kwa sauti iliyojaa hisia. Ilimchukua miaka 40 kupata nyumbani kile alichokipata Moscow kwa siku chache.

Afadhali alikwenda, kwani muda ulikuwa umebaki mfupi. Tarehe 12 Oktoba 1999 Wilt Chamberlain alifariki nyumbani kwake Los Angeles kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 63. Mnamo Machi 2000 Globetrotters waliistaafisha jezi yake, hawakumsahau ndugu yao wa safari. Mwaka 2014 Posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha yake, na ilibidi ziwe ndefu kuliko stempu za kawaida. Hata kwenye bahasha hakutosha!

Wanafunzi wenzangu, tunajifunza nini? Kwanza, asiyekubali kushindwa si mshindani, na Wilt alishindwa mara nyingi lakini alirudi kila msimu. Pili, kipaji bila wenzako ni kama jembe bila mpini. Lakini kubwa zaidi ni hili. Mwenzako akiwa mrefu, mfupi, mnene au mwembamba, hakujiumba. Ukimshangilia leo hutapungukiwa kitu, na yeye hatahitaji kuvuka bahari ili apate watu wa kumpigia makofi. Nabii hakubaliki kwao, ndiyo, lakini wanaomkataa ni watu, na watu wanaweza kubadilika. Mungu ailaze roho yake mahali pema.